Kompyuta Tisa na Chumba cha Sakafu

Katika karakana yetu nzima pale Kibiti, ni chumba changu peke yake kilichokuwa na sakafu ya saruji na mlango wa kufuli. Vyumba vingine vilikuwa vya udongo chini, na mbele palikuwa na baraza pana walipokaa mafundi baiskeli na wanawake wa mikeka. Nilipewa chumba hicho kwa sababu kitambaa na vumbi havipatani, na kwa sababu mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha mafundi. Sababu ya kwanza ilisemwa kikaoni. Ya pili hakuna aliyeitaja mbele yangu, maana walijua nina mdomo.

Nilikuwa nimerudi kwetu baada ya talaka, nikiwa na cherehani ya mkono, sanduku la bati na hasira. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia; homa ya utotoni iliondoka na sehemu yake. Cherehani za kukanyaga sikuziweza. Mjomba, ambaye alikuwa seremala, alinitengenezea stuli na kupigilia kipande cha ubao kwenye miguu ya mbele, upande wa kushoto, kiasi cha vidole vinne kutoka chini, nipate kuegemeza mguu usining'inie siku nzima. Fundi bati, aliyekuwa mtani wa mjomba na kwa hiyo mtani wangu pia, kila akipita mlangoni alisema, “Mola hamnyimi mja wake. Mguu kaupunguza, ulimi kaurefusha.” Nami nilimjibu kwamba yeye kapunguziwa kote kote. Tukacheka, kazi ikaendelea.

Chumba kile ndicho kilichonilisha. Sare za shule, kanzu za Idi, magauni ya harusi, vyote vilitoka pale. Barazani nisingeweza. Masika ikija na upepo hulowesha mpaka ukutani, na wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi tupu, lori moja la kwenda kivukoni likipita, hata sahani ya chakula inabidi uifunike. Nani angeniletea satini nyeupe nimshonee pale?

Tena wateja wangu waliupenda ule mlango. Kwetu jambo la heri halitangazwi kabla ya kutimia. Mama wa bibi harusi aliniletea kitambaa amekificha chini ya khanga, akaketi, akanong'ona, “Usimwambie mtu, bado hawajafunga.” Mwanamke mwenye mimba changa aliniomba nimpanulie gauni, akasema ni kwa sababu ya joto. Mzee mmoja nilimshonea nguo za safari, na jirani zake wakaja kujua anakwenda Hija asubuhi alipokuwa anapanda gari. Husuda ina macho mengi, ndivyo tunavyoamini, na mimi nilikuwa mtunza siri wa Kibiti nzima. Nayasema haya sasa ili mtu asije akasema sikujua desturi. Niliijua kuliko wengi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yalijaa vitu ambavyo miaka michache nyuma ungevisikia tu, na barabarani zilianza kupita gari za watu tusiowajua, wakisimama, wakitazama, wakiuliza shamba hili la nani. Ghala la korosho la ushirika lilikuwa limekaa bure. Akaja bwana mmoja akajitolea kulipaka rangi. Alilipaka kweli, nyeupe na kijani, tukampigia makofi. Alipomaliza akatundika kufuli lake, na mpaka leo sijakutana na mtu anayeweza kunieleza ilikuwaje. Shangazi yangu aliyeolewa Maparoni naye alituletea habari za huko deltani. Walikuja watu wakagawa fulana na vikombe, wakacheza na watoto, na wiki ya pili wakarudi na kamba za kupimia. “Kwanza huja fulana,” alisema shangazi. Neno lake hilo nililiweka moyoni.

Kwa hiyo asubuhi ile lilipoingia lori dogo uani kwetu, likiwa na maboksi ya kahawia yaliyofungwa vizuri, mimi sikusimama kushangaa kama wenzangu. Nilibaki mlangoni na mkasi wangu.

Aliyeyaleta alikuwa kijana wa Dar aliyejitambulisha kuwa ni wa mradi, basi tukamwita bwana mradi. Alivaa viatu vyeupe. Aliwasalimu watu wote mmoja mmoja, shikamoo kwa mzee, habari kwa kijana, na kila aliposhika mkono macho yake yalikuwa juu ya paa. Aliangalia paa, akaangalia kuta, akaingia chumbani kwangu bila hodi, akagonga sakafu kwa kisigino.

“Hapa ndipo penyewe,” akasema.

“Ndipo pa nini?” nikamuuliza.

Akacheka. “Pa kompyuta, dada yangu.”

Zilikuwa kompyuta tisa, na jenereta dogo. Zilitolewa na wasamaria wema wa ng'ambo, alisema, kwa ajili ya karakana za wananchi. Vijana wangefundishwa, na watu wangeandikiwa barua zao bila kwenda mjini. Hakutaka jibu siku ile. Angetuachia vitu mpaka mpunga uishe kuvunwa, tuvizoee, halafu wanachama waketi na kuamua kuvipokea au kuvirudisha. Ila maboksi tusiyachome wala kuyagawa, maana tukikataa vitarudi ndani ya maboksi yale yale. Kisha akatoa karatasi, akampa mjomba, na mjomba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akanipa mimi niwasomee watu.

Mimi nasoma hata karatasi ya kufungia karanga. Niliisoma yote kwa sauti, na nilipofika kifungu cha nne nikasimama. Kilisema hivi: mahali patakapowekwa vifaa patahesabiwa kuwa sehemu ya mradi.

“Sehemu ya mradi maana yake pa nani?” nikauliza.

“Ah, hiyo lugha ya ofisini tu,” bwana mradi akasema.

“Na ofisi ni ya nani?”

Watu walicheka, naye akacheka. Mjomba hakucheka. Alinichukulia karatasi taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, na maboksi yakaanza kuingizwa chumbani kwangu. Yalipangwa ukutani mpaka karibu na dirisha. Majora yangu ya vitambaa yakabanwa kona moja. Jioni ile nilifunga mlango kwa hasira, kufuli likaniuma kidole.

Siku ya tatu mjomba aliniambia nizishonee kompyuta vifuniko vya kuzuia vumbi. Nilimwambia miye ni fundi nguo, sishonei masanduku. Akasema, “Zishonee tu, mama.” Alikuwa akiniita mama kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa zao, na akiniita hivyo sikuweza kumkatalia. Basi nikafungua maboksi, nikazitoa moja moja, nikazipima kwa futi kamba.

Fundi cherehani akitaka kuijua nguo haitazami mbele, anaigeuza ndani. Nami nilizigeuza. Plastiki yake ilikwisha kuwa ya njano, kama meno ya mvuta tumbaku. Kwenye kibodi baadhi ya herufi zilifutika kwa kuguswaguswa. Katikati ya vitufe vya moja nilikuta chembe za mkate na unywele mrefu mwekundu. Nilikaa na ule unywele mkononi nikamfikiria mwanamke aliyekuwa akila kazini kwake huku anaandika. Yuko wapi? Na kama kitu hiki bado kizima, kwa nini amekiachia kije mpaka kwetu? Fundi bati alichungulia dirishani akasema, “Kafa Ulaya hizo. Mwenyewe yuko kaburini, anadai chembe zake za mkate.” Ndivyo tulivyoziita nguo za mitumba, kafa Ulaya, na bado tulizivaa. Nilicheka, lakini ule unywele niliutupa nje, nikanawa mikono.

Nilishona vifuniko tisa vya kitambaa cha marekani, mshono mzuri wa kukunja. Sikuharibu hata kimoja. Hasira zangu haziingii kwenye kazi.

Mjomba ndiye aliyenitia shaka zaidi ya mashine. Alikuwa mtu wa maneno mengi akiwa anaranda, atakusimulia mafuriko yote ya Rufiji, na hadithi ya chui aliyeingia msikitini. Tangu lori lije alinyamaza. Mara mbili bwana mradi aliporudi kuangalia vitu, niliwaona wawili hao wamesimama nyuma ya banda la useremala, vichwa karibu, na nilipotokea wakaanza kuzungumzia bei ya mbao. Nyuma ya banda hilo mjomba alianza kazi ambayo haikuwa na mteja. Kulikuwa na mninga mzuri aliokuwa akiutunza tangu zamani, akisema anausubiria kazi ya maana. Nikasikia randa linapita juu yake. Nikienda kuchota maji upande ule, randa linanyamaza, na gunia linavutwa juu ya kitu.

“Unatengeneza nini, mjomba?”

“Meza.”

“Ya nani?”

“Ya kuwekea vitu.”

Hilo ndilo jibu la mtu mwenye kificho, nikajisemea.

Halafu ikaja alama. Asubuhi moja niliivuta stuli yangu nikakuta imechorwa kwa penseli nyekundu ya seremala, mstari mmoja kwenye mguu wa mbele na mwingine pale kwenye ule ubao wangu wa kuegemezea. Penseli ya namna ile ilikuwa moja tu karakana nzima, nayo ilikaa nyuma ya sikio la mjomba. Niliyaona mambo yote wazi mbele yangu. Wanahesabu vitu. Wanaweka alama cha kutolewa na cha kubaki. Stuli imeshaandikiwa safari ya barazani.

Na kama niliyekuwa nangoja ushahidi, wiki ile ile mjomba alisimama mlangoni, akanitazama ninavyozungusha mkono wa cherehani, akaniuliza, “Hivi weye ukikaa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, mguu haukuumi?”

“Haujaniuma humu ndani,” nikamjibu. “Huko nje sijui.”

Akageuka, akaondoka. Nilifurahi kwamba nimemkata kauli. Aibu ya furaha ile ninayo mpaka sasa.

Nikaanza kampeni. Sikujua neno hilo wakati ule, lakini ndicho nilichofanya. Nilianza na bibi mkubwa wa mikeka, mwanamke ambaye kila mtu karakanani alimsikiliza, kwa sababu alisema kidogo. Nilikaa naye barazani nikimchagulia ukindu. Nikamkumbusha ghala la korosho, nikamsomea kifungu cha nne, ambacho nilikuwa nimekihifadhi kichwani kama dua. Akaendelea kusuka kwa muda.

“Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,” akasema mwishoni. “Siye tushaumwa.”

Kutoka hapo nilikwenda kwa mafundi baiskeli, nikawauliza wanafikiri baraza litabaki la nani. Nikaenda kwa fundi bati. Yeye alinitazama bila utani, jambo lililokuwa nadra, akaniuliza kama nina hakika na mjomba wangu. Nikamwambia nina hakika na macho yangu. Kila niliyemwendea nilimpa kitu cha kweli. Ghala lilikuwa kweli, kifungu kilikuwa kweli, kunong'ona nyuma ya banda kulikuwa kweli, na penseli nyekundu pia. Sikumdanganya mtu hata mmoja. Nilizishona tu zile kweli pamoja, na mshono ulikuwa wangu.

Kuna jambo sikumwambia yeyote, nalo ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilishafukuzwa nyumba moja, nikiwa nimesimama na sanduku langu uani kwa mume, majirani wakichungulia. Niliapa hakuna mtu atakayenitolea vitu vyangu nje mara ya pili, awe mume, awe mradi, awe mjomba. Ningesema hivyo, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini hofu yangu niliivalisha ghala la korosho, ikaonekana ni hekima.

Mpunga ulipokwisha kuingia majumbani tuliketi barazani baada ya swala ya Ijumaa. Mjomba alisimama akaeleza faida za vitu vile, kwa maneno machache yasiyo na chumvi. Akasema hata yeye kifungu cha nne hakukipenda, na amekwisha kumwomba bwana mradi kibadilishwe, ila jibu halijaja. Akauliza nani ana neno.

Nilisimama. Nikasema niliyokuwa nimeyasema kwa kila mmoja, sasa kwa wote. Ghala. Fulana za Maparoni. Kifungu. Watu walikuwa wanatikisa vichwa, nami nikanogewa. Nikafika mahali ambapo mtu mwenye akili angekaa chini.

“Tusimlaumu mgeni peke yake,” nikasema. “Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenyekiti wetu ana jambo analificha, na hapa hapa nyuma ya banda kuna kitu kimefunikwa. Naomba atuambie ni nini.”

Mjomba alichomoa ile penseli nyuma ya sikio, akaitazama, akaitia mfukoni.

“Ni kweli,” akasema. “Liko jambo nnalificha. Si la shari.”

“La heri halifunikwi gunia,” nikamwambia.

Bibi wa mikeka aliinua macho akaniangalia, mimi niliyeshona nguo za harusi nyuma ya mlango uliofungwa. Mjomba alisubiri kidogo, kama anayenipa nafasi ya kurudi nyuma, halafu akaomba mikono ya wanaotaka vitu vibaki. Ilinyooka mitatu, na wake haukuwemo. Ya kurudisha sikuhesabu, ilikuwa imejaa baraza. Nilirudi chumbani kwangu, nikaketi kwenye stuli yangu, na mguu wangu nikauegemeza kwenye ubao wake wenye alama nyekundu. Nilijiona mshindi.

Bwana mradi alipelekewa habari, akaja na lori siku chache baadaye. Alivaa viatu vile vile vyeupe. Hakugomba, alisema tu kwamba kuna karakana nyingine ng'ambo ya mto zinavingojea. Tukaanza kufunga. Nilizivisha kompyuta vifuniko vyangu, maana vilishonwa kwa vipimo vyake na mimi sikuwa na la kuvifanyia.

Hapo bibi wa mikeka akasema jambo ambalo kila mtu alikuwa analifikiria. Mtu akikuletea chakula kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Hata kama chakula hukukila, hata kama hukukipenda, unatia chochote, ndizi, mayai, unarudisha. Maboksi yale yamekuja na vitu vya watu. Yatarudi na vitu vya watu, sawa, lakini mkono wetu uko wapi? Basi wanawake wakaenda majumbani, wakaleta mchele mpya kwa vikapu, na mikeka mipya ya rangi, mmoja kwa kila boksi. Bwana mradi alisimama katikati ya ua amepigwa na butwaa.

“Mnavikataa, halafu mnatoa zawadi?”

“Hatukugombana,” bibi akamjibu. “Tumekataa tu.”

Mikeka iliwekwa kuzunguka vioo visivunjike, mchele ukatiwa kwenye magunia madogo. Magunia yakapungua. Nikakumbuka lile la nyuma ya banda, nikasema nalifuata. Hakuna aliyenituma. Nakiri pia kwamba nilitaka kuiona hiyo meza ya bwana mkubwa kabla haijapelekwa inakopelekwa.

Nililivuta gunia.

Meza ilikuwepo, imelazwa ubavu, bado haijatiwa miguu. Mbele yake kilikuwa kiti. Kilikuwa cha mninga, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, chenye mgongo mrefu wa kuegemea na mikono miwili. Na chini, kwenye miguu ya mbele, upande wa kushoto, kilikuwa na kipande cha ubao kilichochongwa pamoja na kiti, si kupigiliwa, kingo zake zimeviringwa zisikate nyayo. Sikuhitaji kupima, lakini nilipima. Vidole vinne.

Kibiti nzima hakuna mtu mwingine anayehitaji ubao ule.

Nilikaa. Mgongo wangu ukafika pale ulipopaswa kufika, na mguu ukakanyaga. Nikaelewa mistari nyekundu. Nikaelewa swali la asubuhi mpaka adhuhuri. Nilibaki nimezishika zile mbao laini. Mjomba akatokea, amefuata gunia. Akaniona. Hakushtuka.

“Ilikuwa nafasi moja,” akasema, sikuwa nimemuuliza. “Walitaka mtu mmoja aende Dar miezi mitatu, akafundishwe, arudi awe mwenye chumba na mwalimu. Niliwapa jina lako. Cherehani ingebaki pale pale dirishani.”

“Mbona hukuniambia, mjomba?”

“Ningekwambiaje, na wenyewe hawajajibu? Jambo halijawa, nianze kulitangaza? Jibu la jina lako limekuja leo, kwa huyu kijana. Wamekukubali.” Akatazama pembeni. “Na kikaoni ningesema nini, mama? Kwamba mwenyekiti kampa mpwa wake? Weye ndiye ungekuwa wa kwanza kusimama.”

Ni kweli, ningesimama. Kama angekuwa mwenyekiti mwingine na mpwa mwingine, ningesimama.

“Nnakwenda kuwaambia,” nikasema.

“Kawaambie.”

Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye kona ya banda. Nikawaona wote pale uani, bibi anakaza kamba, mafundi baiskeli wanapandisha maboksi, fundi bati anamtania dereva. Nilikuwa nimewapitia mmoja mmoja kuwatia shaka. Ningewapitia tena mmoja mmoja kuwatoa? Na ningewaambia nini, kwamba kifungu cha nne kimekuwa kizuri kwa sababu kiti ni changu? Ulimi wangu mrefu ulikwama. Bwana mradi alitusainisha kwamba vitu vimerudi vyote, akapanda. Lori likatoka na kompyuta tisa, jenereta, mchele wetu, mikeka tisa na vifuniko vyangu, likageuka kusini kuelekea kivukoni. Gunia nilikuwa bado nimelishika.

Meza mjomba aliigeuza rafu ya majora yangu. Kiti alikileta mwenyewe chumbani jioni, akachukua ile stuli, akaenda nayo. Hatukulizungumza. Alianza tena hadithi za mafuriko, ingawa kwangu alikuwa anazifupisha. Zile kompyuta nilisikia zilipokewa ng'ambo ya mto, na mtu mmoja akaniambia zinafanya kazi, mwingine akasema zimelala kwenye vumbi. Sikwenda kuangalia. Kifungu cha nne sikiamini mpaka leo, na mtu akiniletea karatasi yenye maneno yale nitasimama tena. Lakini nitauliza kwanza, nyuma ya mlango, kabla ya kusimama barazani.

Miaka ilipita. Mjomba alipolala kitandani na sote tukajua hatainuka, nilikwenda kumwomba radhi, kama tunavyofanya. Alikuwa haoni tena. Nilishika mkono wake, nikamwambia anisamehe kwa yale ya kikaoni, kwa ile methali niliyomtupia mbele za watu. Akasema radhi alinipa siku ile ile, aliponiona nimekikalia kile kiti.

Akapumzika kidogo. Kisha akaniuliza, “Mguu unafika vizuri?”

Nikamwambia unafika.